Makaburi ya Askari na Wapagazi katika Njia ya Bagamoyo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani)



Jambo tulilokuja nalo ni la makaburi, na huenda wengine wakaona ya kuwa hilo si jambo la chama cha watumishi wa Serikali, kwa kuwa mikutano yetu imezoea habari za mishahara, likizo na kupandishwa daraja. Walakini twatumaini kuonyesha, kwa kadiri ya uwezo wetu, ya kuwa jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wengi wengine, maana asili yake ni kalamu na daftari, na hizo ndizo jembe na shoka letu.

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa njia ya kaskazini iendayo Bagamoyo, akiisha kwenda kadiri ya kilomita 5 kutoka katikati ya mji, huyapita Makaburi ya Vita. Mahali penyewe pametunzwa vizuri. Majani yamekatwa na mawe yamepangwa safu safu. Wengi wetu hupita pale kila siku tukienda kazini na kurudi, wala hatugeuzi shingo. Leo twaomba tugeuze shingo pamoja, tutazame, kisha tuifuate njia ile hata Bagamoyo, tuone makaburi ya pwani hii yatuambia nini.

Makaburi yale ya vita hayakuanza pale. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, manowari za Waingereza zilikuja mbele ya Bagamoyo, na tarehe 15 Agosti 1916 askari wa majini walishuka pwani wakautwaa mji. Tarehe 4 Septemba mwaka ule ule Dar es Salaam nayo ikaingia mikononi mwao. Tangu hapo bandari ya Dar es Salaam ikawa mlango mkuu wa kupitishia vyakula na silaha kwenda vitani, na wa kurudishia wagonjwa na majeruhi, na hospitali ya jeshi ikawekwa mjini. Waliokufa walizikwa katika makaburi ya Ocean Road, karibu na bahari. Hata mwaka wa 1968, ilipotakiwa kufanywa barabara mpya, makaburi 660 ya vita ile yalihamishwa kutoka Ocean Road yakaletwa kwenye njia ya Bagamoyo. Katika miaka ya kwanza ya 1970 yakaongezwa mengine kadiri ya 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania ambako haikuwezekana tena kuyatunza. Kwa hiyo wamelala pale watu zaidi ya 1,700 wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita ile ya kwanza, na 41 wa vita ya pili, na wengine zaidi ya 100 wa mataifa mengine, wengi wao Wadachi. Watu waliowindana porini sasa ni majirani.

Katika uwanja ule ule liko pia jengo la kumbukumbu la Waingereza na Wahindi. Hilo lawakumbuka kwa majina watu zaidi ya 1,500 waliokufa katika Afrika ya Mashariki tangu Januari 1917, ambao makaburi yao hayajulikani. Mtu aliyepotea porini mwili wake usionekane, jina lake lilitafutwa katika daftari likawekwa. Tendo hilo ni jema, nasi twalisifu.

Sasa, ndugu zetu, tazameni na upande wa pili. Yale makaburi ya Ocean Road yalipofukuliwa mwaka wa 1968, ilikutwa ya kuwa sehemu walizozikwa Waafrika Wakristo, na Waislamu, na wengine wasiokuwa wa dini hizo, hazikuwa zimetiwa alama moja moja. Haikuwezekana kujua huyu ni nani na yule ni nani. Kwa hiyo walizikwa tena kwa pamoja, wengi katika kaburi moja, na kila kaburi la namna hiyo likajengewa ukuta wa kumbukumbu. Twaomba mlipime jambo hilo. Yule Mwingereza au Mhindi aliyepotelea porini jina lake liko. Na Mwafrika aliyezikwa mjini, katika uwanja uliopimwa, jina lake haliko. Wala si mvua, wala si fisi, wala si risasi iliyoliondoa. Lilikosekana kwa sababu hapana aliyeamriwa kuliandika juu ya kaburi.

Ni watu gani hao? Baadhi yao walikuwa askari, lakini katika vita ile waliokufa kwa wingi kupita wote ni wapagazi. Nchi yetu wakati ule ilikuwa na reli mbili tu za kutegemea, ya Tanga hata Moshi, na ya Dar es Salaam hata Kigoma. Magari yalikwama katika tope za masika, na punda, farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Ikabaki mabega ya watu. Kila risasi, kila gunia la unga na kila kitanda cha mgonjwa kilichukuliwa na mtu. Na mpagazi naye hula. Aliyepelekwa mbali na chakula cha askari alikuwa hana budi kuchukua na chakula chake mwenyewe, na kadiri njia ilivyozidi kuwa ndefu ndivyo watu walivyozidi kutakiwa. Waingereza peke yao walitumia wapagazi na vibarua wa jeshi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali, na wataalamu wa historia wakadiria ya kuwa waliokufa walikaribia 100,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa tumbo la kuhara damu, kwa homa, kwa kichomi, na kwa kula unga usiopikwa ukaiva, watu waliozoea ndizi wakilishwa mahindi. Wadachi nao walichukua wapagazi wa nchi hii kwa wingi, na taabu ya hao haikuwa ndogo.

Mjini Dar es Salaam jina la watu hao laitwa kila siku pasipo kufikiriwa. Kariakoo ndilo lile jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi, Carrier Corps, lilivyotamkwa na midomo ya watu wetu. Twanunua nyanya na vitambaa juu ya kambi yao. Basi watu hao wana soko lenye jina lao, na hawana kaburi lenye majina yao.

Imekuwaje hivyo? Mwaka wa 1917 Waingereza walianzisha Tume ya Makaburi ya Vita, na Tume ile iliweka kanuni njema sana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na pasiwe na tofauti kwa ajili ya cheo, wala taifa, wala dini. Katika Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa, hata mwana wa lodi na mwana wa mchimba makaa wakapewa mawe yaliyo sawa. Walakini ilipofika zamu ya Afrika ya Mashariki, wakubwa wa Tume pamoja na wakubwa wa Serikali za makoloni waliandikiana barua wakapatana ya kuwa kwa Waafrika kanuni ile si lazima. Waliandika kwamba watu wa huku hawana desturi ya kutia alama makaburi ya wafu wao, na kwamba jiwe lenye jina hawatalielewa. Makaburi mengi ya wapagazi yakaachwa yarudi kuwa pori. Badala ya majina zikaamriwa sanamu tatu, moja Nairobi, moja Mombasa, na moja Dar es Salaam, nazo zikafunuliwa katika miaka ya 1920.

Sanamu ya Dar es Salaam mwaijua nyote: yule askari wa shaba asimamaye katikati ya mji, bunduki mkononi, singe ameielekeza bandarini. Chini yake mna maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno hayo yawasifu askari na wapagazi, kisha yatoa ahadi ya kuwa mtu apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Maneno ni mazuri. Lakini zunguka sanamu ile mara saba, hutaona jina la mtu hata mmoja. Wana wameahidiwa kukumbuka jina, na jina lenyewe hawakupewa. Karani anayeandika hati ya namna hiyo, akaahidi malipo na asiandike ni ya nani, sisi tungemrudishia hati yake.

Sasa tuendelee na safari yetu ya kaskazini, tuone kama neno la wale wakubwa lilikuwa la kweli. Hatuna haja ya kwenda mbali. Tukifika Kunduchi, karibu na bahari, twakuta magofu ya msikiti na makaburi ya wazee wa zamani, mengi ya karne ya 18. Mengine yamejengwa nguzo ndefu juu yake, na katika nguzo hizo mafundi walipachika mabakuli ya Kichina yaliyoletwa na vyombo vya pepo za kaskazi. Yako na maandishi ya Kiarabu. Tukizidi kwenda, kilomita 5 kabla ya kuingia Bagamoyo, twafika Kaole, mji ulioanza tangu karne ya 13, wenye magofu ya misikiti miwili na makaburi mengi ya matumbawe na chokaa, mengine ya nguzo vilevile. Yako makaburi pale ambayo watu huyazuru kuomba dua hata leo.

Basi watu wa pwani hii walikuwa wakichonga mawe ya makaburi miaka mia kadhaa kabla haijazaliwa Tume yo yote. Na watu wa bara, wasiojenga kwa chokaa, wana miti waliyoipanda juu ya makaburi, wana matambiko, wana majina ya mababu wanayorithishwa wajukuu ili yasipotee. Mtoto wa Kiafrika huulizwa, “Wewe mwana wa nani, mjukuu wa nani?” kabla hajaulizwa umri wake. Kusema ya kuwa watu wa namna hii hawajali jina la maiti ni neno la mtu ambaye hakuuliza. Ushahidi ulikuwa njiani, juu ya nguzo, unaonekana na kila mwenye macho.

Tukiingia Bagamoyo yenyewe twakuta somo jingine. Karibu na pwani pana makaburi madogo ya Wadachi, yapata ishirini, yaliyozungushiwa ukuta. Mengi ni ya miaka ya 1889 na iliyofuata, wakati wa vita vya Abushiri bin Salim. Mwaka wa 1888 watu wa pwani, tangu Pangani na Saadani hata Bagamoyo na kusini, waliikataa kampuni ya Wadachi iliyotaka kuwatawala. Mwaka wa 1889 Hermann von Wissmann akaja na askari wa kukodiwa, kadiri ya 600 wao Wasudani walioandikwa Misri, na wengine kutoka nchi ya Wareno, yaani Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 waliishambulia na kuivunja boma ya Abushiri iliyokuwa karibu na Bagamoyo, na tarehe 15 Desemba mwaka ule Abushiri akanyongwa Pangani. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hata mwaka wa 1890.

Katika makaburi yale madogo, Wadachi waliokufa kwa silaha na kwa homa wana majina yao. Wako wapi watu waliouawa katika boma ya Abushiri? Wako wapi wale Wasudani waliokuja kufa katika nchi ya ugenini kwa vita isiyowahusu? Na tukumbuke ya kuwa Bagamoyo ulikuwa mji wa wapagazi kabla ya vita hivi vyote. Maelfu kwa maelfu walishuka kila mwaka kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu mabegani. Mji ulijengwa kwa jasho la wapagazi, na jiwe la mpagazi ni vigumu kuliona. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walioingia pale mwaka wa 1868 waliweka makaburi yao kwa utaratibu, na majina yao yasomeka. Hatuwaonei wivu Wadachi wala mapadre kwa mawe yao. Twasema tu ya kuwa aliyekuwa na mwandishi wake alikumbukwa, na asiyekuwa na mwandishi alisahauliwa, awe shujaa awe mnyonge.

Pengine mtu atauliza: Jina juu ya jiwe lina faida gani kwa maiti? Mwenyezi Mungu awajua waja wake. Ni kweli. Lakini walio hai hawajui, na hasara ni yao. Fikirini habari ya mke aliyeachwa kijijini mwaka wa 1917, mumewe akapelekwa Kariakoo asirudi. Kwa sheria ya Kiislamu inayofuatwa pwani, mjane hukaa eda tangu kufa kwa mumewe. Naye huyu hana habari ya kifo. Haolewi kwa kuwa huenda mume yu hai, wala hana wa kumlisha kwa kuwa mume hayupo. Mirathi haigawanywi, shamba la minazi halina mwenyewe, watoto si mayatima wala si wenye baba. Yote hayo yalingoja mstari mmoja wa karani: fulani bin fulani, wa mji fulani, amekufa tarehe fulani.

Na fedha je? Wapagazi waliandikwa, wakapewa nambari na vipande vya kuvaa, kwa kuwa jeshi lilihitaji kujua ni watu wangapi wa kulishwa na kulipwa. Kwa hiyo madaftari yalikuwako. Mishahara ya wengi waliokufa haikuchukuliwa, kwa sababu jamaa zao hawakupatikana. Huyu aliandikwa kwa jina la utani alilopewa kambini. Huyu jina la baba yake liliachwa. Huyu jina la kijiji chake liliandikwa jinsi sikio la mgeni lilivyolisikia, hata hapana jumbe aliyeweza kulitambua. Katika Kenya habari ya fedha hizo ilijadiliwa baina ya wakubwa hata miaka ya 1930, kisha ikafungwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza ya kuwa na watu ni vivyo hivyo. Na daftari lililoandikwa vibaya ni ndugu wa daftari lisilokuwako.

Hapa ndipo jambo hili liingiapo katika chama chetu. Chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka wa 1922, na kiongozi wake alikuwa Bwana Martin Kayamba, ambaye wakati wa vita alifungwa na Wadachi. Waanzilishi wale waliiona vita kwa macho yao. Miaka ile ile waliyokuwa wakikusanyika wasome magazeti na kudai heshima ya mtumishi Mwafrika, ofisi nyingine zilikuwa zikiamua ya kuwa Mwafrika aliyekufa hahitaji jina. Heshima waliyoitaka wao kwa walio hai, na hii tuitakayo leo kwa wafu, ni heshima moja: mtu aandikwe kuwa mtu.

Nasi twaweza kusema kwa furaha ya kuwa jambo hili si la kukata tamaa. Baada ya vita ya pili, ya 1939 hata 1945, njia ilibadilika. Askari wa Afrika ya Mashariki waliokufa Uhabeshi na Madagaska, na wale waliozama baharini tarehe 12 Februari 1944 katika meli iitwayo Khedive Ismail walipokuwa wakienda Ceylon, waliandikwa kwa majina katika ukumbusho uliojengwa katika makaburi ya vita ya Nairobi. Ile hoja ya kuwa haiwezekani ikaanguka yenyewe.

Tena mwezi wa Aprili 2021 Tume ile ile ya Makaburi ilitoa taarifa baada ya kuyachunguza matendo yake ya zamani. Ilikiri ya kuwa watu baina ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa pasipo usawa. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na Serikali ya Uingereza ikaomba radhi katika Bunge lake.

Radhi ni mwanzo, na kazi imefuata. Mwezi wa Januari 2025, katika mji wa Cape Town, ulifunguliwa ukumbusho wa watu 1,772, wengi mno wao Waafrika wa Afrika ya Kusini waliotumika katika vikosi vya kazi wakafa katika Vita Kuu pasipo kaburi linalojulikana. Kila mmoja amewekewa nguzo ya mti yenye jina lake, na mti wenyewe ni ule ambao sisi twauita mvule. Majina yale yalitoka wapi? Yalitoka katika makaratasi ya zamani ya jeshi, yaliyokaa makabatini kwa miaka zaidi ya mia hata akatokea mtu wa kuyafungua. Na katika Kenya madaftari ya zamani ya askari wa King's African Rifles, ambayo ilidhaniwa yamepotea, yamepatikana, na majina yaliyomo yasomwa upya. Mnaona, ndugu makarani? Aliyelitunza jalada aliwatunza na watu waliomo.

Wako wenzetu wasemao: Vita ile ilikuwa ugomvi wa Wazungu; askari wale waliwatumikia watawala, tena wengine walichoma vijiji vyetu. Kwa nini tuwajengee heshima? Twaiheshimu hoja hiyo, maana ina ukweli ndani yake. Hatutaki vita ile isifiwe. Lakini wengi wa wapagazi hawakuulizwa kama wapenda. Walichukuliwa mashambani, wengine kwa kamba. Kuwanyima majina kwa sababu walitumiwa na mgeni ni kuwaadhibu mara mbili, kwanza na mgeni, halafu na jamaa zao. Kuandika jina la mtu si kuisifu vita iliyomwua. Ni kusema ya kuwa alikuwako, alikuwa na baba na mama, na kwamba alitakiwa nyumbani. Na kwa kanuni hiyo hiyo twataka waandikwe watu wa Abushiri na wa Bwana Heri, na wapagazi wa Wadachi, na wapagazi wa Waingereza, bila upendeleo.

Basi tufanye nini? Hatutaki kuwaambia wanachama maneno makubwa wakarudi nyumbani mikono mitupu. Twaleta mashauri manne.

La kwanza, kila mwanachama aulize katika ukoo wake na katika kijiji chake kama yuko mtu aliyekwenda vitani asirudi, ama katika vita ya 1914 ama ya 1939. Waliopigana vita ya kwanza hawako tena, na wa vita ya pili wamekwisha karibu wote. Walakini wako wazee waliosimuliwa na mama zao. Mzee mmoja akifa na majina kumi, hapana ofisi itakayoyarudisha.

La pili, jina liandikwe kamili: jina lake, la baba na la babu, kabila, kijiji, jumbe wake wa wakati ule, na jina la utani kama alikuwa nalo, maana huenda ndilo lililomo katika daftari la jeshi. Aliyetoa habari naye aandikwe, na tarehe. Yasiyojulikana yaachwe wazi, yasijazwe kwa kubahatisha. Hayo ni mambo tuyajuayo. Ni kazi yetu ya kila siku.

La tatu, wanachama walio katika ofisi za wilaya, mahakama, misheni na hospitali, wakiona majalada ya miaka ile, wasikubali yachomwe au yafungiwe maandazi. Watoe habari kwa wakubwa wao, na hati zipelekwe katika Nyaraka za Taifa kwa njia iliyo halali. Tusichukue hati za Serikali nyumbani kwa kisingizio cha kuzihifadhi.

La nne, orodha ikiisha kupatikana, hata kama ni fupi, chama kiipeleke kwa Tume ya Makaburi ya Vita na kwa Serikali, na kuomba ya kuwa majina yatakayothibitishwa yawekwe pale kwenye njia ya Bagamoyo, penye zile kuta za makaburi ya pamoja. Hatuombi sanamu nyingine. Askari wa shaba mmoja atosha. Twaomba maandishi.

Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake, na mwezi wa Novemba mataifa mengine huja kuweka mashada katika makaburi yale ya vita. Ingefaa siku moja, shada likiisha kuwekwa, asimame mtu wa Rufiji, au wa Ugogo, au wa Uzaramo, aweke kidole juu ya jina na kuwaambia watoto wake, “Huyu ndiye.” Kumwezesha mtu huyo kufanya hivyo hakuhitaji mali nyingi wala majeshi. Kwahitaji masikio ya kusikiliza wazee, mkono mzuri wa kuandika, na uaminifu wa kutobadilisha lililosemwa. Vitu hivyo vitatu chama hiki kinavyo.

Bwana Mwenyekiti, na ndugu zetu, tumesema tuliyokuwa nayo. Twaomba Katibu aanze daftari usiku huu huu, ukurasa wa kwanza uwe mtupu na safi, na wa kuandikisha jina la kwanza atoke miongoni mwetu.